Kusoma Chuo Mbali na Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huanza kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka. Huulizwa na vijana wenyewe, na mama zao, na mara nyingi na maami ambao hawatalipa karo lakini rai wanazo. Tumeanza na ya msingi, tukamalizia na yale ya hali za pekee. Jambo lililokwisha kujibiwa hatulirudii. Tunakuelekeza swali lake.

Msimamo wetu tuuseme mapema: uamuzi wa kwenda mbali hufanywa siku ya kujaza machaguo. Anayeanza kuufikiria baada ya barua kutoka amechelewa.

## Kabla ya kuchagua

1. Kwa mtu wa Lamu, chuo kikiwa wapi ndipo kihesabiwe kuwa mbali?

Tunashauri uhesabu kwa siku. Kilomita hazikuambii mengi. Kutoka kisiwani unavuka kwa boti hadi Mokowe, ndipo upande basi. Mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 300. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ongeza kama 480, na ukielekea Eldoret ongeza 300 na ushei. Anayetoka Kizingitini, Faza au Siyu ana safari nyingine kabla ya hiyo, nayo hungoja maji: mlango wa Mkanda haupitiki maji yakipwa, basi saa ya kuondoka haiamuliwi na abiria.

Kwa hesabu hiyo, Kilifi na Mombasa ni safari ya siku moja. Nairobi na Juja ni siku moja ndefu sana, au mbili. Eldoret, Maseno na Kakamega ni siku mbili, na pengine kulala njiani. Tofauti kati ya siku moja na mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye ramani; sababu yake iko kwenye swali la 13.

2. Karibu na nyumbani kuna vyuo gani?

Kwa masomo ya afya, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ina tawi Lamu, na vyuo vya ufundi vipo katika kaunti. Ukitaka shahada, vilivyo karibu zaidi ni Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichoko Tudor, vyote vikiwa na hati ya chuo kikuu kamili tangu 2013. Taita Taveta kiko Voi. Mombasa pia kuna Bandari Maritime Academy kwa kazi za bahari na meli, na tangu bandari ya Lamu ifunguliwe Mei 2021 vijana wengi wamekuwa wakiulizia kozi hizo.

Kumbuka alama: shahada inaanzia C+, diploma C-, na cheti D. Mwenye C asijione amefungiwa mlango. Diploma iliyofanywa vizuri Mombasa humfikisha kwenye shahada baadaye, na pengine wakati huo atakuwa tayari kwenda mbali.

3. Nani anaamua nitapelekwa wapi?

Wewe, kwa kiasi kikubwa, ingawa wengi hawalijui hilo mpaka mambo yashapita. KUCCPS, idara ya serikali inayowapanga wanafunzi vyuoni, hukupanga kwa kozi ulizojaza mwenyewe, alama zako za klasta (za kundi la masomo ambalo kozi inalitaka), na nafasi zilizopo. Mtambo hauulizi nyumbani kwenu ni wapi.

Kosa la kila mwaka ni hili: kijana hujaza machaguo ya juu kwa makini, kisha ya mwisho huyajaza ili fomu ikamilike tu. Ushindani ukiwa mkali anaangukia lile la mwisho, na ghafla nyumba nzima inauliza chuo hicho kiko upande gani wa nchi. Usijaze chuo ambacho hungekubali kwenda. Kaa na wazazi wako mbele ya fomu, si mbele ya barua.

4. Nitangulize kozi au mahali?

Kozi. Lakini uliza kwanza kama kozi hiyo haipatikani karibu. Anayetaka ualimu hana haja ya kwenda Maseno kwa ajili yake, kwani Kilifi iko. Anayetaka udaktari wa mifugo ataelekea Kabete au Njoro, hana budi. Anayetaka uwakili, hata akisomea shahada kwingine, mwisho wake atapita Kenya School of Law, Nairobi.

Kuna wanaochagua mbali kwa sababu ya jina la chuo. Hatuwalaumu, jina lina uzito wake. Ila kozi ikiwa ni ile ile, na anayelipa ni baba mmoja mwenye mashua moja, jina pekee si sababu ya kutosha.

## Fedha

5. Serikali inalipa nini, na sisi tunalipa nini?

Kwa mfumo ulioanza 2023, gharama ya kozi katika chuo kikuu cha umma hugawanywa mafungu matatu: udhamini wa serikali, mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), na sehemu ya familia. Familia hupangwa kwa madaraja kulingana na uwezo wake. Mfumo huu umepingwa mahakamani. Mahakama Kuu iliukataa Desemba 2024 na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Kwa hiyo angalia hali ilivyo mwaka unaojiunga, usitegemee alivyolipa binamu yako.

Udhamini na mkopo haviji vyenyewe. Lazima uviombe mtandaoni, na kuna wanaopata nafasi kisha wakakaa wakidhani jina likishatoka na pesa zimetoka. Ukipangwa daraja lisilolingana na hali ya nyumbani kwenu, kata rufaa. Njia ya kufanya hivyo ipo.

Kuwa mkweli unapojaza. Mvuvi asiye na hati ya mshahara huona haya kuandika kipato kidogo, akaandika cha msimu mzuri. Kisha daraja linampanda.

6. Je, mkopo wa HELB una riba? Kwa sisi Waislamu itakuwaje?

Una riba ya asilimia 4 kwa mwaka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Huo ndio ukweli wa hesabu. Hukumu yake kisheria muulize sheikh unayemwamini, na umpelekee masharti yenyewe ayasome, kwani wengi huuliza kwa kusikia na hujibiwa kwa kusikia.

Sisi tunasema mawili. Udhamini wa serikali si mkopo wala haurudishwi, basi usiuache kwa shaka ya mkopo. Na familia inayoamua kuukwepa mkopo iwe na hesabu ya pengo hilo kwa miaka yote minne. Tumeona vijana wakikataa HELB kwa nia njema, kisha mwaka wa pili wakakopa kwenye simu, ambako makato ni makubwa mara nyingi zaidi.

7. Basari za kaunti na za NG-CDF (mfuko wa eneo bunge) zinatosha?

Hazitoshi, lakini ziombe zote mbili, kila mwaka. Fomu hutaka barua ya kujiunga, muundo wa karo, na saini za chifu au viongozi wa mtaa, wakati mwingine na ya imamu. Aliye Eldoret hawezi kurudi kwa ajili ya saini, basi mwachie mtu wa nyumbani nakala za kila hati, na awe mtu anayefuatilia. Shangazi mmoja asiyechoka kwenda ofisini ana thamani kuliko ndugu watano wenye ahadi.

8. Tumechanga za kutosha siku ya kwenda. Kuna nini tena?

Kuna muhula wa pili. Hapa ndipo safari nyingi za Lamu hukatikia.

Siku ya kwenda ukoo wote huchanga. Godoro hununuliwa, blanketi, sanduku, nauli, na mtu wa kumsindikiza mtoto. Ni jambo la heshima na tunalipenda. Lakini Januari hakuna anayechangisha, na kodi ya chumba inadaiwa vile vile, na chakula, na nauli ya kurudi, na karatasi za kuchapisha, na bando la intaneti. Pesa za matumizi za HELB nazo huja zinapokuja.

Zaidi ya hayo, kalenda ya vyuo haipatani na kalenda yetu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huripoti karibu na Agosti na Septemba, wakati kusi ndiyo kwanza inatoka. Baba mvuvi amekaa miezi kadhaa bahari ikiwa chafu, na mwenye kazi ya hoteli Shela ametoka kwenye msimu wa wageni wachache ulioanza Aprili. Yaani barua ya karo inafika nyumba ikiwa tupu. Matokeo ya KCSE, kwa upande mwingine, hutoka kaskazi ikivuma, samaki wapo na wageni wapo. Weka akiba hapo. Usingoje jina litoke KUCCPS ndipo uanze.

Ushauri wetu kwa wanaochanga ni kukigawa kikapu mara mbili: nusu siku ya kwenda, nusu ikae kwa mtu mwaminifu mpaka muhula wa pili. Na anayependa kutoa blanketi la tatu aombwe atoe nauli ya Desemba.

9. Nirudi nyumbani mara ngapi kwa mwaka?

Kwa aliye Kilifi au Mombasa, kadiri ya nauli. Kwa aliye magharibi ya nchi, mara moja au mbili, na hesabu yako ijengwe juu ya mara moja. Ndege za Manda tusizizungumze.

## Maisha ya huko

10. Njia ni salama?

Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, barabara ya Lamu imekuwa na vizuizi vya ukaguzi, na kuna nyakati mabasi husindikizwa na askari. Taratibu hubadilika. Uliza ofisi ya basi siku moja kabla, safiri mchana, na uwe na kitambulisho mkononi pamoja na barua ya chuo. Kijana wa kiume asiye na kitambulisho ndiye anayeshushwa kwenye gari. Lami ya Garsen hadi Lamu imepunguza adha kwa kiasi ambacho wadogo zenu hawatakiamini mkiwasimulia ilivyokuwa.

Ukifika Mombasa, treni ya kwenda Nairobi huchukua kama saa tano hadi sita. Kata tiketi mapema wakati wa vyuo kufungwa na kufunguliwa.

11. Baridi na chakula vitanishinda?

Baridi ya Eldoret na Njoro si ya mzaha; miji hiyo iko juu ya mita 2,000, na Juni hadi Agosti ni miezi mibaya. Nunua sweta na blanketi huko huko, mitumba ni rahisi na mizito kuliko ya Lamu. Mwezi wa kwanza utaumwa mafua. Kisha mwili unazoea.

Chakula ndicho kinachowatesa zaidi, kwa namna wasiyoitarajia. Wali wa nazi hautauona, na samaki atakuwa tilapia aliyekaangwa, au hayupo. Nyama ya halali inapatikana miji yote mikubwa, lakini kwenye kantini ya chuo lazima uulize. Wengi huishia kupika wenyewe, na hapo mvulana aliyelelewa akiandaliwa kila kitu hujuta. Mfundisheni kupika kabla hajaondoka, akina mama. Ni maharagwe, wali na mchuzi tu, haichukui wiki mbili.

12. Dini yangu itakuwaje huko bara?

Takriban kila chuo kikuu cha umma kina jumuiya ya wanafunzi Waislamu na mahali pa kuswalia. Watafute wiki ya kwanza. Hao ndio watakaokuonyesha chumba cha kupanga, bucha ya halali, na mhadhiri wa kuzungumza naye mtihani ukiangukia wakati wa Ijumaa.

Ramadhani ya miaka hii huangukia Februari na Machi, katikati ya muhula, na futari mara nyingi hufanywa kwa pamoja. Idd ndiyo ngumu. Sikukuu ya kitaifa ni siku moja, nayo haitoshi kutoka Kakamega kuja Lamu na kurudi. Idd ya kwanza mbali na nyumbani watu hulia, wavulana kwa siri. Maulidi ya Lamu nayo utayafuata kwenye simu.

Kuhusu lugha: watakucheka lafudhi, kisha watakuomba uwasahihishie kazi zao za Kiswahili. Sheng utaielewa baada ya muda, hata usipoipenda.

## Mambo ya nyumbani

13. Mama yangu ni mgonjwa na mimi ndiye mkubwa. Niende?

Swali hili hatulijibu kwa ndiyo au la, lakini tunaweza kukuambia la kupima. Maziko yetu hayangoji. Aliye Kilifi akipigiwa simu alfajiri ana matumaini ya kuwahi. Aliye Eldoret hana. Ni maneno mazito, lakini ni bora yasemwe nyumbani kabla, na mama mwenyewe akiwapo ikiwa hali yake inaruhusu. Mara nyingi mama ndiye anayesema nenda, na radhi ikitolewa kwa kauli humwondolea kijana mzigo ambao angekaa nao miaka yote.

La pili: jina la atakayeshika kazi zako. Si "tutasaidiana". Nani anampeleka hospitali, nani ana namba ya daktari, nani anawapeleka wadogo madrasa. Jina likikosekana, chagua chuo cha siku moja, au soma swali la 17 na la 18.

14. Tumruhusu binti yetu kwenda mbali peke yake?

Hili ndilo tunaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi anayeuliza ameshaamua. Tulichukue kwa utulivu.

Hofu za wazazi si za upuuzi: safari bila maharimu, makazi, na maneno ya watu. Kila moja ina la kufanya. Safari ya kwanza aende na baba, kaka au ami yake, na atakaporudi likizo asafiri na wenzake wa Lamu walio chuo hicho au vyuo jirani. Wapo, waulizeni kwenye shule alikosoma. Makazi: tafuteni kwanza hosteli ya wasichana ndani ya chuo, na maombi yafanywe mapema kwani vitanda huisha. Chumba cha kupanga nje ya chuo kinafaa akiwa na wenzake wawili watatu anaowajua, si peke yake mwaka wa kwanza. Ikiwa mna jamaa karibu, pangeni mapema atakaa kama mwanafunzi au kama mpishi wa nyumba hiyo. Tumewaona wasichana walioshindwa masomo kwa sababu ya wema wa jamaa.

Maneno ya watu hayana dawa. Lakini mji huu umepokea watoto wa wenzetu kwa zaidi ya miaka mia: Riyadha, msikiti na chuo cha dini alichokiasisi Habib Swaleh, ilileta wanafunzi kutoka pwani yote na visiwani. Kumtoa mwana kwa ajili ya elimu si desturi ya kigeni hapa.

Na tuseme lililo wazi: nyumba hiyo hiyo hupeleka mvulana Juja bila swali hata moja, wala kuuliza atalala wapi. Maswali haya yote mwulizeni na yeye.

Binti, ukiona baba hasikii, usibishane naye. Mtume nyanya au shangazi anayesikilizwa, na umpe majibu: jina la hosteli, gharama, jina la msichana wa Lamu aliyeko huko. Baba hukataa giza zaidi kuliko anavyokataa chuo.

15. Nimeposwa. Harusi itangulie au chuo?

Yakubalianeni kabla ya akdi, mbele ya wazee wa pande zote mbili: utasoma wapi, miaka mingapi, na nani atalipa. Ahadi ya "utasoma baadaye" isiyo na mwaka wala chuo tumeiona ikiyeyuka.

## Hali za pekee

16. Barua imeshatoka, nimepelekwa mbali. Naweza kuhamishwa?

Pengine. KUCCPS hufungua dirisha la uhamisho kati ya vyuo, na masharti ni mawili: uwe umefikisha alama za kozi hiyo kwenye chuo unachotaka, na nafasi iwepo. Dirisha ni fupi, basi tazama tovuti kila siku. Likishafungwa, mambo huwa mazito.

17. Naweza kuahirisha mwaka mmoja?

Vyuo vingi huruhusu, kwa barua kwa msajili yenye sababu na ushahidi. Pata jibu kwa maandishi, na uulize udhamini na mkopo wako vitakuwaje. Kunyamaza tu usiripoti si kuahirisha. Ni kupoteza nafasi.

18. Kusoma nikiwa Lamu kwa mtandao, inawezekana?

Inawezekana. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati 2023, na mafunzo yake ni ya mtandaoni, zikiwemo kozi za sayansi ya data na usalama wa mtandao. Humfaa mwenye kazi, mwenye mtoto mchanga, au aliye katika hali ya swali la 13. Hakimfai anayekimbia baridi tu. Na anayekaa sehemu ambazo mtandao hukatika, kama baadhi ya vijiji vya kisiwa cha Pate, apange mapema mahali pa kusomea.

19. Bado sina kitambulisho.

Anza siku unapotimiza miaka 18. HELB, benki na barabara vyote vitakidai.

20. Nimefika, nimeshindwa, nataka kurudi.

Kwanza jiulize ni wiki ya ngapi. Wiki za mwanzo karibu kila mtu anataka kurudi, na hilo hupungua. Ukipita mitihani ya kwanza na bado usiku hulali wala huli, mwone mshauri nasaha katika ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Huduma hiyo haina malipo. Ukiamua kuondoka, ondoka kwa barua, kama katika swali la 17, ili mlango ubaki wazi. Na wazazi, akirudi mpokeeni. Hesabu ya karo iliyopotea ingoje.

21. Na kusoma nje ya nchi?

Vijana wa Lamu wamesomea Madina, Misri na Sudan kwa miaka mingi, na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa 1961, bado hutoa ufadhili. Sudan vita vilivyozuka Aprili 2023 viliwarudisha wengi nyumbani masomo yakiwa nusu. Popote utakapokwenda, hakikisha na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwamba shahada ya huko itatambuliwa Kenya, na ufanye hivyo kabla ya kukata tiketi. Kwa kozi kama udaktari na uwakili, uliza pia bodi ya taaluma yenyewe, kwa kuwa kibali cha Tume peke yake hakikupi leseni ya kufanya kazi.